Niliposimama kwa Heshima ya Mama Mkwe

Miguu yangu imeniponza. Mimi ni diwani hapa Koboko, na wiki nzima nilizunguka vijijini nikiapa kuuangusha muswada wa kutaka mbuzi wafungwe kamba mwaka mzima. Kwetu shamba likishavunwa, mbuzi huachiwa. Nikawaalika watu barazani waje wanione nikiupinga.

Muswada ukasomwa. Spika, mzee asiye na subira, akauliza, "Nani naunga mkono? Asimame."

Hakuna aliyesimama. Bila wa kuunga mkono, muswada ungekufa pale pale. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu mlango ulipofunguka, akaingia mama mkwe wangu kutoka Lurujo, wanakijiji nyuma yake. Mama mkwe akipita, mkwe hakai kitini. Niliruka juu, kichwa nimekiinamisha.

"Asante, Mheshimiwa," Spika akasema. "Karani, andika jina yake."

"Hapana, Spika! Mimi naheshimu mkwe tu!"

"Keti. Imeandikwa."

Kwa mila yetu, mama mkwe hasemi nami ana kwa ana. Alimgeukia jirani yake akauliza, ukumbi mzima ukasikia:

"Na ile mbuzi alileta ya mahari, hiyo pia tutafunga?"