Baraza Zinazotazamana

Kisa hiki nilisimuliwa na shangazi yangu Ijumaa iliyopita, alipotoka mkutanoni kijijini kwao, upande wa Mkwaja.

Mbunifu wa majengo, binti mpole, alikuwa akiwasomea rasimu ya mwongozo wa kuufufua mtaa wa ufukweni. Alipofika kwenye kifungu kinachotaka baraza zote zijengwe upya zielekee bahari, bibi mmoja akainua mkongojo. Miguu yake haimfikishi mbali siku hizi. Mazungumzo yake yote ni na jirani wa ng'ambo ya njia.

“Mjukuu wangu, bahari naijua. Huyu jirani ndiye kila siku ana jipya.”

Jirani mwenyewe, bibi mwenzake, akadakia, “Na mimi nikimpa mgongo, nitajuaje ananisema nini?”

Watu wakaangua kicheko.

“Na wageni je, bibi, wanaopenda kuitazama bahari?” binti akauliza.

“Waje wakae nasi. Shingo si wanazo?”

Binti akacheka mpaka akaketi. Kisha akakikata kifungu kile, akaandika kwamba baraza zibaki zikitazamana.

Mandhari, nadhani, huanza na uso wa jirani.

Mabibi wawili, asema shangazi leo kwa simu, wamenuniana tangu juzi, kila mmoja barazani kwake, na hakuna anayekubali kuwa wa kwanza kuingia ndani.