Mbio za njia ya punda Maskati: Sefu alikataa maji mpaka akaanguka mlimani

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi mdau mmoja kaweka picha za mbio za Ulaya, watu wanakimbia kwenye njia ya reli ya zamani iliyong'olewa vyuma. Zimenikumbusha siku niliyodhani narudi geto bila rafiki yangu. Haya yamenikuta mwenyewe, sina faida ya kuwadanganya.

Maskati, kule Omani, hakukuwa na reli. Kulikuwa na njia ya punda.

Zamani kabla ya barabara ya ufukweni, watu na mizigo walipita juu ya milima. Baadaye njia ikasafishwa, mawe yakapakwa alama za rangi, na miaka ile ya 2000 mwanzoni klabu moja ya wageni ikawa inaandaa mbio ndogo kila msimu wa baridi.

Baridi ya kule isikudanganye. Jua likishapanda, jiwe unaweza kukaangia yai.

Mimi Mchaga, fundi AC, nilikuwa nakaa mtaa wa Wadi Kabir chumba kimoja na Sefu wa Tanga, fundi mwenzangu. Mpole huyo, hana makuu. Yeye ndiye mkimbiaji, mimi nilienda kwa ubishi tu.

Asubuhi ile hakugusa chai. Nikajua ni presha ya mbio.

Meza ya kwanza ya maji, kapita. Ya pili, kapita tena. Nikamtania, "Watu wa Tanga siku hizi ni ngamia?" Akacheka, "Ntakunywa mbele, Mangi."

Tulipofika kileleni bahari yote ilikuwa chini yetu, na meli zimetulia bandarini. Pazuri mno! Nikageuka nimwonyeshe.

Wakuu, Sefu alikuwa mkavu. Hana tone la jasho, midomo imepauka, macho yananitazama ila hayanioni.

Na hapo ndipo mteremko unaanza. Njia nyembamba, kushoto ukuta wa mwamba, kulia korongo. Ukiteleza ndiyo basi tena. Nikamshika fulana kwa nyuma, tukawa tunashuka hatua kwa hatua, anayumba, namvuta.

Nikammwagia maji kichwani, akakubali. Ila yalipofika mdomoni akayapangusa haraka kwa mkono. Nikampa chupa, akaisukuma.

Nilipandwa na hasira, nisiwafiche. "Unataka kufa kwa ajili ya medali ya bati?"

Akakaa chini, halafu akalala ubavu. Namuita, hafumbui macho. Nikapiga kelele hadi sauti ikakauka.

Meza ya tatu ya maji ilikuwa chini kidogo tu. Akapanda mama mmoja mbio, baibui kalikunja mkononi. Bi Zuwena, nesi, Mwomani aliyezaliwa Unguja. Alikuwa amejitolea kugawa maji siku hiyo. Akamshika mshipa wa shingo, akampiga makofi madogo mashavuni.

"Weye! Mwanangu! Fungua mdomo unywe."

Sefu akafumbua macho kidogo. "Nimefunga, mama."

Mimi sikujua lolote. Tunakaa chumba kimoja!

Alikuwa anafunga sita, zile siku sita za sunna baada ya Idi, zinazotakiwa ziishe ndani ya mwezi huohuo wa Idi. Kazi za juu ya mapaa zilimchelewesha, na hakusema kwa mtu kwa sababu aliona kutangaza funga ya sunna ni kujionyesha. "Leo ndo ya sita," akasema kwa shida. "Na mwezi unaisha leo."

Bi Zuwena akamwambia hiyo ni sunna, si faradhi, mgonjwa afungue, Mungu si mkali hivyo. Sefu akatikisa kichwa na kubana midomo. Anapumua kwa kukwama. Nilitaka kumfungua mdomo kwa nguvu.

Yule mama akanipokonya chupa.

"Basi nisikilize. Na mimi nna sita yangu leo. Nlikuwa nalipa kwanza kadha za siku nlizokula Ramadhani, ndo imenifikia siku ya mwisho, kama weye."

Asubuhi nzima alikuwa anawagawia watu maji, midomo yake mikavu, na hakuna aliyejua.

Akasema bismillahi, akanywa. Si tone la kulowesha ulimi, mafunda makubwa, tunayasikia.

"Haya, yangu imeshakwenda. Usiniache peke yangu."

Sefu akaanza kulia bila machozi. Akafungua mdomo. Akanywa kidogo kidogo, mkono wa mama uko chini ya kisogo chake, mpaka watu wa machela wakafika. Alipona.

Somo nililolipata: mtu akikataa kitu ambacho kila mtu anakitaka, muulize kwa upole kabla ya kumtolea maneno. Ningeuliza meza ya kwanza, tusingefika kule.

Mimi Mkristo, mahesabu ya thawabu siyajui. Waislamu wa humu, karibuni mnijibu: ile siku ya sita ya Bi Zuwena, huko juu imeandikwaje?