Mguu wa Kuku Umenikosesha Firigisi

Jamani, leo nimeumbuliwa na mguu wa kuku.

Tangu asubuhi nimepiga magoti hapa kambini Nandagala, napanga mifupa ya mguu wa mjusi mkubwa wa kale. Ilifukuliwa na trekta la mashamba ya karanga, kule Nachingwea.

Mzungu wetu wa mifupa anataka kujua kama mjusi huyo alikula majani au nyama.

Mimi nilikuwa mchinjaji, najua miguu. Nikaupanga kama wa ng'ombe, nikamwambia majani.

Vikabaki vipande vinne. Nikasema ni vya mnyama mwingine. (Msinicheke, jua lilikuwa kali.)

Jioni Mama Asumini, mpishi wetu, akaleta kuku. Akaitazama kazi yangu, akachomoa mguu sufuriani, akauweka kando ya mifupa.

"Baba, hesabu vidole. Vitatu mbele, vina kucha. Mjusi wako huyu alikamata wenzake, akawala."

Akaipanga upya. Hakikubaki kipande.

Kwetu firigisi ni ya mwanamume mkubwa, mwanamke haionji. Miguu ni ya watoto.

Firigisi ya leo nimempa Mama Asumini, mbele ya kambi nzima.

Semeni, mngefanyaje? Mimi nimechoka. Nimekaa hapa natafuna miguu.