Sala Iliyofika Biharamulo

Yaliyonipata nilijitakia mwenyewe. Nilipoomba kazi ya redio ya mawasiliano katika ofisi ya wakimbizi hapa Ngara, nilimwambia bosi kompyuta naijua.

Juzi nilichomeka waya kutoka nyuma ya laptopu ili iendeshe redio, redio ikanyamaza kabisa. Nikageuza waya, nikabonyeza kila kitu, wapi! Na malori ya chakula yanasubiri maelekezo yangu. Nikapiga magoti.

"Mama Maria, nilimdanganya bosi. Kompyuta niliiona kwenye kalenda tu. Nifichie siri hii, nisifukuzwe."

Nikauchomoa waya. Redio ikafufuka. Kumbe haikufa, laptopu iliing'ang'aniza kurusha sauti yangu hewani muda wote ule, na redio ikirusha haipokei.

"Ngara, tumekusikia vituo vyote," akasema Mama Sauda wa kituo cha Biharamulo. "Bosi yuko hapa kwangu. Anasema amina."