Mwalimu Chuchumaa

Kwenye rejista ya walimu ana jina lake kamili, refu, la heshima zake, lakini nani analijua? Watoto walimpachika la kwao, wazazi wakalidaka, na siku hizi hata muuza sabuni wa pale kona akimwona anapita humwita Mwalimu Chuchumaa. Mwenyewe hana neno. Amefundisha darasa la pili miaka ishirini na sita, na neno hilo humtoka mdomoni mara nyingi kuliko "kimya". Mtoto akimjia mbio, "Mwalimu, hiki nini?" jibu ni lilelile: "Chuchumaa kwanza. Kitazame. Halafu uniambie wewe." Ukimuuliza umesimama wima kama mlingoti, utasimama hapo mpaka uchoke.

Anayelijua neno hilo kwa ubaya wake ni mumewe, fundi cherehani. "Mke wangu, sketi zako zinaisha magotini kama suruali za watoto wa chekechea," humtania, huku akitia kiraka kwa ndani, mahali pasipoonekana. Lakini ni maneno tu. Kila mwaka unapoanza, ni yeye huyohuyo anayekaa na mkasi wake kumkatia kamba za watoto, zote urefu mmoja.

Kamba hizo ndizo kazi yenyewe. Nyuma ya darasa, kati ya ukuta na tangi la maji, kuna kipande cha ardhi ambacho hakuna aliyewahi kukitaka: nyasi, magugu na kokoto, basi. Kila mtoto hupewa kamba na vijiti vinne, akajipimia kiwanja chake, hatua moja kila upande. Hapo ndipo kwake mwaka mzima. Jumatano baada ya mapumziko anakwenda kuchuchumaa kwake, na kazi yake ni moja: aseme nini kimebadilika tangu wiki iliyopita. Hakuna kung'oa. Hakuna kuachia njiani: ukianza kutazama, umalize. Hakuna kukanyaga kwa mwenzako bila hodi. Na wanapiga hodi kweli, jamani! Utavisikia vitoto vya miaka saba, "Hodi kwako, panzi wangu amerukia huko." "Karibu, mfuate, ila usinikanyagie sisimizi."

Sasa, Mwalimu Mkuu si mtu mbaya, tusimwonee. Ni mtu wa usafi. Kwake shule nzuri ni shule inayong'aa, na mtoto mzuri ni yule anayerudi nyumbani alivyotoka. "Watoto wanarudi na matope, wazazi wananijia juu, na kwenye mtihani hakuna swali la panzi," alisema, tena akasema. Alitaka kipindi kile kiwe cha hesabu. Walivutana muhula mzima, mpaka wakakubaliana: mkaguzi akija, akitazame kipindi hicho pamoja na Mwalimu Mkuu, na jambo liamuliwe palepale. Kikikataliwa, kamba zinakwenda stoo na hazitoki tena.

Siku ikafika. Mwalimu Chuchumaa aliwahi kupita kawaida yake, akazunguka nyuma ya darasa kwa furaha zake, akasimama ghafla. Pale mahali palikuwa pamenyolewa. Hapakuwa na nyasi, hapakuwa na gugu hata moja la dawa, na kamba thelathini na mbili zilikuwa zimekusanywa zikatupwa chini ya tangi.

"Nisamehe, Mwalimu," alisema mtunza bustani, gambuti miguuni, macho chini. "Niliambiwa jana jioni. Ati mgeni asikute pori."

Kazi ya muhula mzima! Aliketi kwenye ngazi ya tangi akalia, bila kujificha, mama mzima. Alifikiria kusema anaumwa arudi zake nyumbani. Lakini kengele ilishalia, na wa darasa la pili walishaanza kumiminika, na nyuma yao mkaguzi, mama wa makamo mwenye daftari jekundu, na Mwalimu Mkuu ndani ya suti, viatu vimechongoka mbele na kung'arishwa mpaka vinatisha.

Watoto wakaduwaa. Kisha akafoka yule binti wanayemwita Kidomo, na jina hilo analistahili: "Mwalimu! Kwetu kumeingiwa bila hodi!"

Zogo lililozuka hapo, acha tu. Mwalimu alifuta macho. Alikuwa na neno moja tu lililobaki. "Chuchumaeni kwanza," akasema. "Tazameni. Halafu mniambie."

Wakachuchumaa wote.

"Hazikung'olewa," akasema mmoja. "Zimekatwa kwa fyekeo. Mizizi ipo."

"Si za leo. Zimeshanyauka, na sisimizi wameshapitisha njia mpya juu yake."

"Ilikuwa jana baada ya mvua. Nyayo zimezama."

"Za gambuti ziko kila mahali," akasema Kidomo, pua karibu iguse udongo. "Lakini hapa kuna za kiatu kingine. Kimechongoka mbele. Hiki hakikutembea, kimesimama tu. Huyu hakukata. Huyu alikuwa anaonyesha kwa kidole."

Mtoto aliyechuchumaa huona nini cha mtu mzima? Viatu. Vichwa vyote viligeuka. Vikatazama gambuti za mtunza bustani, vikapita kwenye makubazi ya mkaguzi, vikaenda kutua kwenye viatu vya suti.

Kumuumbua mkubwa wake mbele ya mkaguzi! Sasa ndiyo basi tena. "Watoto, hebu tuangalie sisimizi," Mwalimu Chuchumaa akasema haraka.

"Lakini Mwalimu, ulisema tusiachie njiani," akajibu Kidomo.

Alisema, kweli.

Mwalimu Mkuu alikohoa. Angeweza kuwaka, na hakuna ambaye angeshangaa. Alitazama zile nyuso thelathini na mbili, akatazama viatu vyake. "Ni mimi," akasema. "Nilitaka pawe pasafi."

Kidomo hakukasirika. Alimhurumia. "Shikamoo, Mwalimu Mkuu. Kwani hukuona kuna watu?"

"Marahaba. Watu gani?"

"Njoo. Chuchumaa."

Mtu mzima yule akavuta suruali yake kidogo juu ya magoti, akachuchumaa. Magoti yakalia kwa sauti, mtunza bustani akageukia ukutani akacheka huko. Kidomo akainua rundo la nyasi kavu taratibu, akamwonyesha kitundu cha sisimizi kilichozibwa. Akamwambia wasubiri, wasiongee, wasikipumulie.

Mkaguzi aliandika, akafunga daftari lake. "Mimi nimeona vya kutosha," akasema. "Nimekagua shule miaka mingi, sijawahi kukuta watoto wanasoma ardhi hivi. Lakini shule ni yako, Mwalimu Mkuu. Kipindi hiki kibaki au kiondolewe?"

Mwalimu Chuchumaa alishikilia ukingo wa tangi kwa mikono miwili.

"Mwalimu Mkuu? Ninakuuliza."

"Ssh, Mama," akasema yule, bila kuinua kichwa, pindo la koti limelala matopeni. "Hebu nisubiri. Kuna mmoja anatoka."