Chupa ya Ng'ombe

Baba alikuwa na vibonyeo pajani ambavyo nilipokuwa mdogo nilidhani kila mtu mzima anavyo. Vilitokana na insulini ya zamani, dawa yake ya kisukari, ile iliyotengenezwa kwa kongosho la ng'ombe au nguruwe. Alijidunga kila siku dukani kwake Kharumwa, nyuma ya majora ya vitenge, na pale sindano ilipozoea kuingia, nyama ikaliwa kwa ndani.

Siku moja mteja alimwambia dawa hiyo ni ya nguruwe. Baba, Mwislamu asiyekosa swala, hakubishana naye. Aliacha kujidunga, wala hakumwambia mtu.

Mama ndiye aliyegundua. Baba alikuwa akinywa maji bila kutosheka, amenyong'onyea, na pumzi yake inanuka kama papai lililoiva kupita kiasi.

"Umeacha sindano?" mama akamwuliza.

"Nitamjibu nini Mungu?"

"Na mimi utanijibu nini?"

Tulikodi gari hadi hospitali Shinyanga. Njia nzima mama alimpakata kichwa.

Alipopata nafuu, shehe wa msikiti wetu alikuja wodini kumjulia hali. Alimweleza kwa upole kwamba dini haimtaki mtu ajiue kwa kukataa dawa. Daktari naye akaigeuza chupa ya insulini tuliyokuja nayo, akasoma maandishi.

"Mzee, hii ni ya ng'ombe."

Mama, binti wa wafugaji wa Kisukuma, alicheka huku machozi yanamtoka. "Ulitoa ng'ombe kunioa," akamwambia baba, "leo ng'ombe ndio wanakurudisha kwangu."

Hata hivyo daktari alimbadilishia dawa, ili paja lisizidi kuliwa. Insulini mpya ilitengenezwa maabara, ikafanana na ya mwanadamu. Daktari alipunguza dozi, akaonya kuwa mwili unaweza kuipokea kwa nguvu zaidi kuliko ile ya zamani, sukari ikashuka ghafla.

Ikashuka kweli. Mchana mmoja baba alianza kutetemeka dukani, jasho linamtiririka, akimfokea mama kama mtu asiyemjua. Mama alimshika mkono. Alimkalisha juu ya jora, akamnywesha chai yenye sukari nyingi, kidogo kidogo, mpaka macho yakatulia.

"Nimekutukana?" baba akauliza.

"Kidogo," mama akasema, akimfuta uso kwa kanga.

Tulirudi kwa daktari, dozi ikapunguzwa tena. Siku hizi baba hajidungi peke yake. Mama huketi pembeni, wakizungumza habari za mvua na wajukuu.