Jina Lililoitwa Kilimani

Sifa na shukrani kwa Mungu, aliyenifikisha uzeeni bila kuninyima kumbukumbu.

Leo mjukuu wangu ametandika nyasi mbichi sebuleni, kwa desturi yetu Wanyambo, na harufu yake imenirudisha kwenye kilima walikokaa walinzi wa mfalme hapo kale. Ngome yao ilikuwa imebaki tuta la udongo na mawe machache. Nilipokuwa mtoto, kila Jumapili baada ya ibada, bibi yangu alikuwa akinipeleka huko, akasimama juu ya tuta na kuitazama barabara ya Omurushaka, kwa sababu baba yangu, mwanawe, alikwenda Uganda kutafuta kazi na hakurudi.

Jumapili moja mwanamume aliyekuwa akichunga mbuzi pale akamtania.

"Shikamoo, mama! Mfalme alishakufa, unamlindia nani?"

"Marahaba. Namngojea wa kwangu."

"Basi ita kama walinzi! Wao walipaza sauti, wenzao wa kilima cha pili wakaitikia."

Akacheka. Lakini bibi aliweka viganja mdomoni, akaita jina la baba, akaita tena, mpaka sauti ikamkauka. Yule mwenye mbuzi akaacha kucheka. Alilaza fimbo yake chini, akapanda tuta, akasimama kando ya bibi na kuliita jina lile kwa sauti yake nene. Nami nikaita, "Baba!"

Tukasikiliza. Barabarani ilipita baiskeli yenye mikungu ya ndizi, na mwendeshaji hakugeuza hata shingo.

Wewe usomaye, Mungu akujalie, uitapo, awepo wa kukuitikia.